Miche ya maua: Biashara inayochanua juu ya ardhi ya barabara

MTU anayeingia Dar es Salaam kwa barabara yoyote kubwa, iwe ya Morogoro, ya Bagamoyo, ya Kilwa au ya Nyerere, hupokewa na rangi kabla hajapokewa na ndugu zake. Kando ya lami, kwenye ule ukanda mwembamba ulio kati ya mfereji na kuta za viwanja, zimepangwa bogonvilia za zambarau na za chungwa, haibiskasi nyekundu, krotoni zenye majani ya madoadoa, alamanda za njano na miashoki iliyosimama kama askari wa gwaride. Nyuma yake kuna lundo la samadi, pipa la maji na kijana mwenye keni mkononi.

Linapotajwa neno maua katika mipango ya kilimo, fikra za wengi huenda Arusha na Naivasha, kwenye mabanda ya plastiki ambako mawaridi hukatwa alfajiri na kupanda ndege kwenda Ulaya. Miche ya kando ya barabara haimo katika hesabu hizo. Mnunuzi wake ni mwalimu aliyemaliza kupaua nyumba Goba, mwenye gesti ya Mbagala anayetaka mlango upendeze, shule inayongoja wageni wa mahafali, na hoteli ya ufukweni inayobadilisha bustani kila msimu. Ni soko la ndani, linalipa taslimu, na linakua kila mtaa mpya unapopimwa. Kila nyumba inayohamiwa ina ua mtupu wa mchanga mbele yake.

Kwa hiyo tatizo la biashara hii si kukosa mteja. Tatizo ni kwamba bidhaa yake ina uhai na imewekwa mahali ambapo mwenye bidhaa hana haki napo.

Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, ikipimwa kuanzia katikati ya barabara. Wakazi wengi wanazikumbuka alama za X zilizofuata ukutani, nyekundu kwa waliokuwa ndani ya mipaka ya zamani na kijani kwa walioguswa na nyongeza hiyo. Waliopata alama ya kijani walikuwa na hoja ya fidia, na waliopata nyekundu hawakuwa nayo. Barabara ya Morogoro ilikuwa na mambo yake. Kati ya Kimara na Kiluvya serikali ilisimamia mita 121.5 kila upande, na mwaka 2017 nyumba nyingi zikavunjwa ili kupisha upanuzi. Ikiwa nyumba ya tofali iliyokaliwa miaka 20 iliondoka kwa namna hiyo, viriba vya maua vilivyopangwa chini ya mwembe vina utetezi gani?

Havina. Ndiyo maana kila mradi wa barabara jijini hufuatana na msafara wa magari madogo ya mizigo na maguta yaliyojaa majani. Mabasi yaendayo haraka yalianza kazi mwaka 2016 katika njia ya Kimara, baadaye ujenzi ukafuata Barabara ya Kilwa na ya Nyerere, na ramani ya awamu ya nne inapita Barabara ya Ali Hassan Mwinyi na ya Bagamoyo kuelekea Tegeta, yaani mbele ya baadhi ya vitalu vinavyojulikana zaidi jijini. Oktoba 2021 wamachinga walihamishwa kutoka kando ya barabara na maeneo mengine yasiyo rasmi. Kabla ya hapo, Desemba 2018, serikali ilikuwa imeanza kutoa vitambulisho vya wafanyabiashara wadogo kwa Sh20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi Sh4 milioni kwa mwaka. Kitambulisho kile kilimtambua mtu. Hakikumpa kiwanja.

Muuza mitumba akiambiwa aondoke ndani ya siku saba, hufunga belo lake na kuondoka. Muuza miche anayo shida nyingine, na hapa ndipo hasara kubwa hutokea bila yeyote kuiandika.

Mche ulioachwa sehemu moja kwa miezi mingi hutoboa kiriba. Mizizi hupenya chini, ikaingia kwenye udongo wa barabara na kuanza kunywa huko. Kwa macho, mche huo ni mzuri kuliko wenzake, kwani ni mrefu, wa kijani, na hauombi maji mara kwa mara. Mwenyewe hufurahi, akaugeuza kuwa mche wa bei kubwa. Siku amri inapofika, akiunyanyua, mizizi yote iliyokuwa ikiulisha hukatika na kubaki ardhini. Ndani ya siku chache majani hunyauka. Bogonvilia ndiyo mbaya zaidi kwa sababu mizizi yake ni myembamba na hukatika upesi, haipendi kabisa kusumbuliwa. Mali iliyoonekana kuwa na thamani kubwa kuliko zote kumbe ndiyo isiyoweza kuhamishika.

Dawa yake inajulikana na haina gharama kubwa. Viriba visogezwe kila baada ya wiki mbili au tatu, mizizi iliyotokeza chini ikatwe ingali michanga, na chini ya safu litandikwe karatasi la nailoni au changarawe. Mche unaokatwa mizizi hivyo hutengeneza mizizi mingi zaidi ndani ya kiriba chake. Utakuwa mfupi kidogo. Lakini utapanda guta leo na kesho utakuwa hai, na utamfaa zaidi hata mteja wa kawaida, ambaye naye anauhamisha kutoka kwa muuzaji kwenda kwake. Malalamiko mengi ya wateja kwamba mti ulikufa wiki moja baada ya kununuliwa yana chanzo hiki hiki.

Kuhusu viriba vyenyewe, wapo wauzaji walioingiwa na hofu wakati katazo la mifuko ya plastiki lilipoanza Juni 1, 2019. Kanuni za mwaka huo zililenga mifuko ya kubebea bidhaa, na ziliacha nje vifungashio vya matumizi ya kilimo. Kiriba cha miche si mfuko wa sokoni.

Hesabu ya maji na ya vifo

Baada ya ardhi, linafuata maji. Dar es Salaam na Pwani hutegemea sana Mto Ruvu, na kina cha mto huo kinaposhuka kila mtu husikia. Oktoba 2022 mamlaka ya maji, DAWASA, ilitangaza mgawo baada ya mvua kukosekana na mto kupungua. Kwa mwenye nyumba, mgawo ni usumbufu wa kuamka usiku kujaza ndoo, ilhali kwa mwenye kitalu ni gharama ya uzalishaji iliyopanda ghafla, tena katika miezi ya jua kali.

Ichukuliwe hesabu ya mfano, si ya soko lolote mahususi, kwa mtu anayeotesha pingili 1,000. Tuseme kiriba, udongo, samadi na kazi ya kujaza ni Sh300 kwa kila mche, yaani Sh300,000 kwa jumla. Kila mche unywe robo lita kwa siku katika siku 120 za ukavu kabla ya kuuzwa. Hiyo ni lita 250 kwa siku, au lita 30,000 hadi mwisho. Maji hayo yakinunuliwa kwa madumu ya lita 20 kwa Sh300 kila moja, gharama yake ni Sh450,000. Maji yameshayapita matumizi mengine yote yakiwekwa pamoja, na jumla imefika Sh750,000 kabla ya ujira wa mwenyewe.

Sasa kiingie kifo. Ikiwa miche 650 ndiyo itakayofika sokoni, kila mmoja umegharimu takriban Sh1,150. Ukiuzwa Sh2,000, mapato ni Sh1.3 milioni na kinachobaki ni Sh550,000. Lakini ikiwa itafika 850, gharama ya kila mmoja hushuka hadi kama Sh880, mapato hupanda hadi Sh1.7 milioni, na kinachobaki ni Sh950,000. Miche 200 iliyookolewa imeongeza Sh400,000 kwa sababu fedha za kuikuza zilikwisha kutumika. Wauzaji wengi wakiona faida imepungua hufikiria kupandisha bei, wakati ambapo faida yenyewe inakaushwa na jua kwenye kona ya kitalu.

Pingili hufa kwa sababu chache. Ya kwanza ni kukatwa kwenye tawi changa lenye maji mengi. Kwa bogonvilia linafaa tawi lililokomaa, la unene wa penseli au zaidi, lenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, likatwe chini kidogo ya kifundo, majani yaondolewe na theluthi mbili zifukiwe. Dawa ya kuchochea mizizi husaidia sana kwa mmea huu mgumu kuotesha, ingawa haibisikasi na krotoni huweza kuota bila hiyo. Sababu ya pili ni kuoteshea juani. Pingili haina mizizi, kwa hiyo haina pa kunywea. Ikipigwa jua na upepo hukauka hata kama udongo umelowa. Kivuli cha makuti na karatasi la nailoni lililofunikwa juu ya fito, ili unyevu usitoke, hutosha kwa wiki za mwanzo. Ya tatu ni samadi mbichi, ambayo huunguza. Samadi ikae hadi ipoe na isitoe harufu.

Kuhusu maji, liko jambo ambalo wauzaji wazoefu hulijua na wateja hawalijui. Bogonvilia ikinyweshwa kila siku na kulishwa mbolea ya chumvichumvi yenye naitrojeni nyingi hutoa majani, miiba na matawi marefu, lakini rangi haionekani. Ikipata jua la kutwa na kiu kidogo, huchanua. Kile kinachoitwa ua lake kwa kweli ni majani yaliyobadilika rangi, na ua lenyewe ni kile kijineli cheupe kilichomo katikati. Muuzaji huinyima maji wiki kadhaa kabla ya msimu wa kuuza, ikawaka rangi barabarani, mteja akavutiwa, akafika nayo nyumbani akaimwagilia asubuhi na jioni kwa mapenzi. Rangi huisha. Mteja hujiona ametapeliwa. Dakika moja ya maelezo wakati wa kumkabidhi mche ingemrudisha mteja huyo kununua wa pili.

Haibiskasi ni kinyume chake. Huyo anataka maji, anataka chakula, na ukimsahau siku tatu za Januari huangusha vichomozo vyote. Kumuuzia haibiskasi mtu anayeishi kwa maji ya boza, wakati palikuwa na bogonvilia, oleanda au franjipani pembeni, ni kumuuzia ugomvi.

Bustani ya pwani si moja

Makosa mengine hutokana na kuiona pwani yote kama udongo wa aina moja. Msasani, Oysterbay, sehemu za Kigamboni na maeneo mengi ya Unguja yana ardhi iliyokaa juu ya matumbawe, na udongo wake una chokaa. Iksora, kile kichaka chenye vishada vyekundu kinachopendwa sana kwa kuzungushia njia, hupenda udongo wenye uchachu. Ikipandwa kwenye chokaa hushindwa kuchukua madini ya chuma, majani yakageuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, na mwenye nyumba hudhani ni njaa ya mbolea. Huongeza mbolea, nayo haisaidii. Mwenye kitalu anayefahamu hili humshauri mteja aiweke kwenye chungu chenye mboji, au amchagulie kichaka kingine.

Karibu na bahari upo pia upepo wa chumvi, na visima vingi maji yake yana chumvi. Hapo huhimili bogonvilia, oleanda, franjipani na mikadi. Waridi huungua kingo za majani.

Zaidi ya hapo wapo wanaoleta maua ya baridi kutoka Lushoto na Arusha, yakiwa yamechanua vizuri, na kuyauza kwa haraka kabla joto halijayafikia. Haidrenjea iliyotoka milimani haikosi mnunuzi Dar es Salaam mwezi wa Julai. Ifikapo Desemba imebaki vijiti. Faida ya mara moja ipo, haikataliki, ila biashara hii inategemea mteja anayepita barabara ile ile kila siku kwenda kazini, na mteja huyo anakumbuka.

Soko la harufu nalo halijapewa uzito unaostahili. Bustani za Waswahili tangu zamani zilipandwa kwa ajili ya pua kabla ya macho. Ilikuwa asumini, kilua, mlangilangi, mrehani na mkadi. Unguja, Mombasa na Lamu asumini ingali inatungwa na kufungwa vikuba kwa ajili ya harusi, na kinachouzwa hapo ni ua la kila siku, si mche wa mara moja. Mama mwenye vichaka kadhaa vya asumini uani ana kipato kidogo ambacho hakihitaji kusimama barabarani. Kwa mwenye kitalu aliyehamishwa mara mbili au tatu, hilo si jambo la kupuuza.

Mche unaoweza kumdhuru jirani

Kuna upande wa biashara hii ambao wakulima wana haki ya kuulizia. Magugu maji yaliyofunika sehemu kubwa za Ziwa Victoria katika miaka ya 1990, yakazuia mitumbwi na kuziba mialo ya wavuvi, asili yake ni Amerika Kusini, na yalisambaa duniani kwa sababu ya uzuri wa ua lake la zambarau. Watu waliyapanda kwenye madimbwi ya bustani. Lantana, kile kichaka cha maua ya rangi mbili kinachopandwa kuwa ua wa nyumba, nayo ilitoka huko huko kwa sifa hiyo hiyo. Ndege hula vitunda vyake vyeusi na kupeleka mbegu porini. Leo imevamia malisho na kingo za misitu katika mikoa mingi. Ng'ombe anayeila hudhurika ini, ngozi yake ikaanza kuungua kwa jua.

Bado inauzwa kwenye vitalu, mara nyingi na watu wasiojua lolote kati ya hayo.

Oleanda ina sumu kuanzia mzizi hadi ua, na hata moshi wa matawi yake hudhuru. Mjini, kwenye ua wa ukuta, si hatari kubwa mradi watoto waambiwe. Lakini anayeinunua ili kuzungushia boma Chalinze au Kibaha, mahali ambapo mbuzi hupita na matawi yaliyopogolewa hutupwa nje, anajitafutia hasara. Minyaa nayo ina utomvu unaodhuru macho. Muuzaji si lazima aache kuuza mimea hii. Analazimika kumuuliza mteja swali moja, kama ana mifugo.

Wadudu husafiri pia. Kidung'ata wa mipapai aligunduliwa Pwani ya Kenya mwaka 2016, na hashambulii mipapai tu. Hukaa kwenye mihogo, haibiskasi na franjipani. Haibiskasi ni ndugu wa bamia na pamba, kwa hiyo mdudu wa mmoja huwa mgeni wa mwingine. Mche mmoja wenye unga mweupe chini ya majani, ukitolewa kitaluni Mbezi na kupelekwa kwa shemeji mwenye shamba la mipapai Mkuranga, unaweza kuharibu mavuno ya mtu asiyenunua ua hata siku moja. Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 ndiyo iliyounda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, yenye makao yake Arusha, na kazi yake haiishii kwenye viwanja vya ndege na mipaka. Tatizo ni kwamba mkaguzi hawezi kuona kitalu ambacho hakina anwani. Mtu anayejua kwamba anaweza kuondolewa mwezi ujao hawezi kujiandikisha mahali popote, na hana sababu ya kuwaita wakaguzi waje kuona alipo. Hivyo suala la kiwanja linarudi tena hata katika afya ya mimea.

Utajiri uliotoka hapa

Jambo linaloshangaza kidogo ni asili ya miche yenyewe. Bogonvilia na alamanda ni za Amerika Kusini, krotoni ya Asia na visiwa vya Pasifiki, haibiskasi ya bustani ya Asia, mwashoki wa India na Sri Lanka. Nyumba ya Dar es Salaam imezungukwa na mabara matatu, na mti wa kwao haumo.

Wakati huo huo mimea ya hapa iliondoka zamani na kuwatajirisha wengine. Ua dogo la zambarau la Usambara na Tanga lilichukuliwa na ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, likapelekwa kwao, na mwaka 1893 mtaalamu Hermann Wendland akalipa jina la familia ya ofisa huyo. Likawa moja ya maua ya ndani yanayopendwa zaidi Ulaya na Marekani, wakati kule kwenye misitu ya asili aina zake kadhaa ziko hatarini kutoweka. Zamiokulkasi, ule mmea wa majani mazito yanayong'aa ambao hauombi maji wala mwanga, ni wa pwani ya Afrika Mashariki kuelekea kusini, Zanzibar ikiwemo. Waholanzi ndio walioanza kuuotesha kwa wingi katika miaka ya 1990, na sasa umejaa maofisini duniani kote.

Kuna na wa tatu, waridi la jangwani, ambao kwa muuza miche wa barabarani ndio wenye maana kubwa zaidi. Unaota wenyewe katika nyika za Kenya na Tanzania. Una shina nene lililovimba, maua ya waridi na nyekundu, na unastahimili wiki nyingi bila maji. Thailand na Taiwan zimeuzalisha kwa rangi nyingi na kuuza mbegu na miche dunia nzima.

Ukitazamwa kwa macho ya hesabu za hapo juu, mmea huu unajibu karibu kila shida. Hukaa kwenye chungu maisha yake yote, kwa hiyo hauchimbi ardhi ya barabara. Maji yake ni ya kuhesabu, na ukizidishiwa ndipo unapooza. Huota kwa mbegu. Kadiri unavyozeeka shina linazidi kunenepa na bei inapanda, tofauti na krotoni iliyorefuka ambayo hakuna anayeitaka. Amri ya kuhama ikija, hubebwa chungu kwa chungu. Dosari zake ni mbili. Utomvu wake ni sumu, na wawindaji wa kale waliutumia kwenye mishale. Tena wapo wanaoona njia ya mkato ni kwenda kuung'oa porini ukiwa na umri wa miaka mingi, jambo ambalo humaliza chanzo cha mbegu kwa faida ya wiki moja. Kuuotesha kwa mbegu kunataka mwaka mmoja au miwili ya subira, na subira ndiyo inayokosekana kwa mtu asiye na uhakika wa mahali.

Duka barabarani, shamba kwingine

Kinachoonekana kuwezekana, hata bila kungoja halmashauri itenge maeneo, ni kutenganisha mambo mawili ambayo muuza miche ameyaunganisha kwa mazoea. Barabara ni duka. Si shamba. Kuotesha pingili, kungoja mizizi na kukuza mche hadi uuzike ni kazi ya miezi ambayo haihitaji mpita njia hata mmoja, inahitaji maji, kivuli na mtu wa kuangalia. Kazi hiyo inaweza kufanyika Mlandizi, Kisarawe, Mkuranga au Bagamoyo, kwenye robo eka ya ndugu au ya mkulima aliye karibu na maji, ambapo lita moja haitoki kwenye dumu la kununua. Kando ya barabara vibaki viriba mia moja au mia mbili vilivyochanua, vinavyoweza kupakiwa alasiri moja, na vibadilishwe kila wiki.

Mkulima wa Ruvu anayelima mchicha na bamia angeweza kupata hapo zao la pili ambalo halioki sokoni likikosa mnunuzi. Mchicha uliokosa mteja leo ni hasara kesho. Haibiskasi iliyokosa mteja leo itakuwa kubwa zaidi mwezi ujao, ingawa inaendelea kunywa. Makubaliano yao hayana haja ya kuwa magumu. Muuzaji alete pingili na viriba, mkulima alete udongo, maji na kazi, na malipo yawe kwa mche uliofika barabarani ukiwa hai. Sharti hilo la mwisho lina maana yake, kwa sababu linaiweka hasara ya vifo mikononi mwa yule anayeweza kuizuia. Muuzaji naye abaki na hasara ya kutabiri vibaya ni rangi gani itatakiwa.

Usafiri utakula sehemu ya faida, na wauzaji wenye miche michache hawataweza kila mmoja kukodi gari lake. Wanne au watano wa eneo moja wakichangia safari moja kwa wiki, gharama hugawanyika. Vikundi vya namna hiyo tayari vipo kwa ajili ya kufa na kuzikana, na vingine kwa ajili ya kukopeshana. Havijazoea tu kununua na kusafirisha pamoja, labda kwa sababu kila mmoja anaogopa mwenzake asijue anakochukua bogonvilia nyeupe.

Mvua za masika zikianza Machi, wenye nyumba hupanda kwa wingi, kwa kuwa wanajua mvua itawasaidia kumwagilia. Miche inayouzwa wakati huo hutokana na pingili zilizokatwa katika vuli, Oktoba au Novemba, mwezi ule ule ambao mto huwa umeshuka na dumu la maji limepanda bei. Anayesubiri mvua ndipo aoteshe atafika sokoni Agosti, wakati mashimo ya upandaji yamekwisha kufukiwa.